Msumeno Mpya wa Fundi Kesho

Mtaani walimwita Fundi Kesho, naye hakuwa na kinyongo. Ukimwagiza kiti alikutazama kwa upole, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akapima hewa kwa mikono kana kwamba kiti kimeshasimama pale, kisha akasema, "Njoo kesho tuone." Kesho hiyo ilifuatwa na kesho nyingine. Wateja walilalamika, wakatania, wakaapa hawarudi tena, na wakarudi, kwa sababu droo zake zilifunguka kwa kidole kimoja na milango ya makabati yake haikukwama hata mvua ikinyesha mwezi mzima.

Hakuwa mvivu. Alikuwa anapasua kila ubao kwa mkono. Maseremala wengine wote wa mtaa walikuwa na mashine, au walipeleka mbao zao kwa mwenye mashine. Yeye aliulaza ubao kwenye benchi, akaukandamiza kwa goti, akavuta msumeno kwenda na kurudi mpaka shati likamganda mgongoni. Akiulizwa kwa nini anajitesa, alisema mashine zina kelele na yeye ana mama mzee ndani.

Sababu yenyewe aliijua mke wake, ambaye alikuwa akishona nguo za watu katika chumba cha mbele.

Ujanani Fundi alifanya kazi kwenye karakana ya baba yake, pamoja na kaka yake. Nyumbani kaka aliitwa Mkubwa na yeye Mdogo. Mkubwa ndiye aliyeshika mashine ya kupasulia mbao, meza ya chuma yenye diski ya meno katikati. Alisukuma ubao huku akipiga mluzi, na Mdogo akaupokea upande wa pili. Siku moja waliletewa mbao mbichi. Ubao mmoja ulipofika nusu, mpasuo ukajifunga na kuibana diski. Mdogo alihisi ubao unanyakuliwa mikononi mwake. Ulirudi kinyumenyume kwa nguvu na kumpiga Mkubwa chini ya mbavu.

Mkubwa hakuanguka. Aliketi juu ya rundo la mbao, akasema ni pumzi tu imemkata, akaomba maji, akatembea kwa miguu yake mpaka nyumbani. Kumbe damu ilikuwa inavujia ndani. Jua lilipozama alikuwa ameshafariki.

Baba yao aliiondoa ile mashine, na haukupita muda mrefu naye akamfuata mwanawe. Mama yao hakulia mazikoni. Alirudi nyumbani, akazikunja nguo za Mkubwa, akazigawa, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akimtaja. Mdogo alielewa kwamba mlango huo umefungwa, naye hakuwahi kuugonga. Alijifunza kupasua kwa mkono, akaoa, akazaa, akawaona watoto wakienda kuanza maisha yao, akazeeka nusu, na katika miaka yote hiyo akisikia mashine ya mbao ikiwaka mahali, alivuka barabara.

Kilichomshinda ni bega. Daktari aliuinua mkono wake, akaushusha, akauinua tena, akaguna.

"Mzee, bega hili limesagika. Ukiendelea na msumeno wa mkono, utafika mahali hata kijiko kitakushinda."

Jioni hiyo mke wake alizima cherehani na kuzungusha kiti kumtazama.

"Basi, Fundi. Ama tununue mashine, ama nikufundishe kushona."

"Utanianzisha na nini? Vifungo?"

"Vifungo ni vya waliofuzu. Wewe utaanza na kuokota pini sakafuni."

Wakacheka. Kicheko kilipoisha, mke wake akasema kwa sauti ya chini, "Za siku hizi si kama ile. Zina kinga."

"Najua."

"Kama huwezi, sema huwezi. Hakuna atakayekucheka."

"Agiza, mama watoto," alisema. "Agiza kabla sijabadili mawazo."

Mashine ililetwa adhuhuri, kwenye pikapu, na watu wawili: dereva mnene asiyekaukiwa maneno, na fundi wa duka aliyekuja kuifunga na kuijaribu, kijana wa mabega mapana. Shida ilianza palepale. Karakana ya Fundi ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, na kichochoro cha kufika huko kilimtosha mtu mmoja aliyeshika pumzi. Boksi halikupita. Dereva akalipima kwa macho, akajipima na yeye mwenyewe.

"Mzee, hapa hata mimi bila boksi sipiti. Tupitie ndani."

Fundi aling'oa mlango wa mbele aliokuwa ameutengeneza kwa mikono yake, akaung'oa na wa jikoni, akaiegemeza yote ukutani. Mke wake akasogeza meza ya kukatia vitambaa. Boksi lilikuwa refu, la kadibodi ngumu iliyofungwa mikanda, na wanaume watatu walilibeba mabegani kwa hatua fupifupi, mmoja mbele na wawili nyuma, wakiinamisha vichwa kupita kizingiti.

Mama mzee alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka. Asubuhi alimsalimu mkwewe vizuri, na mchana akamuuliza kwa heshima, "Binti, kwenu wanajua uko hapa?" Aliwatazama wale watu wakipita mbele yake na boksi. Akaivuta kanga yake kichwani.

"Hilo ni la nani?" akauliza. "Nani ametutoka?"

Wote wakasimama. Dereva, ambaye tangu afike hakuwa amenyamaza, alinyamaza.

"Ni mashine tu, mama," Fundi alisema chini ya mzigo. "Mashine ya mbao."

"Pitisheni polepole," mama akasema. "Msimgonge ukutani."

Wakapita polepole. Walipofika uani dereva alijifuta jasho, akasema maji tu yanamtosha, akanywa amesimama, kisha akaenda kungoja kwenye gari.

Fundi wa duka alifungua boksi, akaunga miguu ya meza, akakaza bolti, akamwita Fundi karibu.

"Mzee, tazama. Hii ni reli ya kuongozea ubao. Hiki kijiti ndicho cha kusukumia ukikaribia mwisho, vidole visifike hapa. Na hiki," akagusa kipande chembamba cha chuma kilichosimama wima nyuma ya diski, "kinaingia ndani ya mpasuo na kuuzuia usijifunge. Ukijifunga, ubao hurudi kumpiga mtu."

"Ile ya zamani haikuwa nacho," Fundi alisema.

"Ipi?"

"Nyingine tu."

Fundi wa duka akavaa miwani, akachukua kipande cha mbao, akabonyeza swichi. Mlio ulianza chini, ukapanda, ukatulia. Ubao ulipogusa meno mlio ukawa mzito, na vumbi la mbao likaruka. Fundi alikuwa amesharudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimejifunga chenyewe, kama kimeshika kitu.

Ndipo mama alipotokea kwenye kizingiti cha jikoni kisicho na mlango. Hakuwa na fimbo yake. Alisimama wima jinsi ambavyo hakuwa amesimama kwa miaka.

"Mkubwa!" aliita.

Fundi wa duka alikuwa amempa mgongo, mabega yake mapana yameinama juu ya meza.

"Mkubwa, inatosha sasa. Njoo ule."

Fundi wa duka akazima mashine na kugeuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, bila kushangaa hata kidogo. "Mwambie Mkubwa chakula kiko tayari." Akageuka, akarudi ndani akishika ukuta.

"Mkubwa ndiye nani?" fundi wa duka aliuliza huku akikusanya spana zake.

Fundi akabandua mgongo kwenye bati. Mke wake, aliyekuwa amemfuata mama mpaka jikoni, ndiye aliyesema, "Mtu wa nyumbani."

Walipoondoka, Fundi aliifunika mashine kwa shuka kuukuu, akairudisha milango mahali pake, akauchukua msumeno wake wa mkono. Mke wake alimwona dirishani, akashusha pumzi, akaendelea kushona. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku zilizofuata. Bega likawaka moto. Mashine ikakaa palepale chini ya shuka, na Fundi akafanya kazi akiwa ameielekea, maana hakutaka kuipa kisogo.

Lakini mama hakutulia tena. Kila ilipofika alasiri alianza kutega sikio.

"Mbona kimya? Mkubwa hayupo kazini leo?"

"Yupo, mama, kula kwanza," mkwewe alimwambia.

"Nitakulaje na simsikii? Ameumia?"

Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Hali hiyo ilipozidi, na mikono ya mama ikaanza kukonda, mke wa Fundi alitoka uani na futi ya kupimia shingoni.

"Iwashe," alisema. "Sikuambii upasue kitu. Iwashe tu, asikie."

Fundi alitoa shuka. Alinyoosha mkono kutoka mbali, kama mtu anayegusa jiko la moto, akabonyeza swichi, akaruka nyuma. Diski ikazunguka bure. Ndani, mama alichukua kijiko, akala, akaomba aongezewe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa muda. Alasiri ikifika, Fundi aliwasha mashine na kusimama ukutani, mikono kifuani, huku diski ikikata hewa, ili bibi kizee aamini kwamba mwanawe aliyezikwa zamani yuko kazini. Majirani wakafurahi kwamba sasa kazi zitatoka mapema, na wakashangaa kusikia bado ni kesho. Mke wake akajaribu kutania kwamba wao ndio watu pekee duniani wanaolipia umeme wa kupasua upepo. Fundi alitabasamu nusu. Nusu nyingine haikutoka, kwa sababu alikuwa ameanza kuona kitu ambacho hakumwambia mkewe: mashine ilipowaka, nafasi iliyokuwa mbele ya meza, mahali anaposimama msukumaji, haikuonekana kuwa tupu. Hapakuwa na mtu. Lakini yeye kila mara alizunguka kwa mbali, kama anavyompisha mtu aliye kazini.

Alasiri moja mama alikuja mwenyewe, akishika ukuta, mpaka mlangoni mwa banda. Fundi alikuwa ameinama kuokota msumari. Hakumsikia kwa sababu ya mlio.

"Mkubwa."

Alibaki ameinama. Hakuwa na ujasiri wa kugeuka.

"Mkubwa, unamdanganya nani?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa na ukali wa zamani, ule wa siku walipokuwa wadogo. "Mashine inalia tupu. Nimeolewa na seremala, nimezaa maseremala. Unadhani sijui mlio wa ubao?"

Fundi alikauka. Siku zote hizo walidhani wanambembeleza, kumbe alikuwa anasikia vizuri kuliko wote.

"Nisamehe, mama," alisema, akiwa bado amempa mgongo.

"Una woga?"

"Ndiyo."

"Mdogo wako naye ana woga," mama alisema, sauti ikashuka. "Tangu ulipoondoka hajawa mtu wa kucheka. Huja kuniosha miguu jioni, akidhani nimesinzia, na huniosha polepole kama yai. Mimi najifanya nimelala ili asione haya. Usimwambie nimekuambia."

"Simwambii."

"Basi fanya kazi."

Fundi alisimama. Macho yalikuwa yamemjaa na hakutaka kuyafuta mbele yake. Alichukua ubao mkavu, akaugeuza kukagua kama una fundo, akauweka kwenye reli. Akasimama mahali pale, mbele ya meza, ambapo hakuwahi kusimama maishani mwake. Akasukuma.

Ubao uliingia. Mlio ukawa mzito. Alingoja urudi, alingoja kwa mwili mzima. Haukurudi. Kile kipande chembamba cha chuma kilizama ndani ya mpasuo, ubao ukaendelea mbele kwa utulivu, akachukua kijiti, akaumalizia, na vipande viwili vikalala upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu wa kupokea.

Alipogeuka, mama alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo alipasua kweli. Bega likapoa. Kwa mara ya kwanza makabati yalitoka kwa siku aliyoahidi, na mteja mmoja aliyekuja kulalamika kwa mazoea alikuta kitanda chake tayari, akaduwaa, akaomba aje kukichukua kesho. Mama aliwekewa kiti chini ya ukuta wa banda. Aliongea na Mkubwa wake kupitia bati, na Mkubwa akaitikia. Alimweleza habari za watu waliokufa zamani kana kwamba aliwaona sokoni asubuhi. Alimuuliza ataoa lini. "Bado nipo nipo, mama," Fundi alijibu, na mama akacheka, kicheko ambacho Fundi hakuwahi kukipata alipoongea kwa jina lake mwenyewe.

Mke wake ndiye aliyegutuka kwanza. Jioni moja, akikata uzi kwa meno, alisikia mluzi uani. Alitoka, akamkuta mumewe akifagia maranda, mdomo umechongoka.

"Tangu lini unapiga mluzi?"

Fundi akaacha kufagia. "Nilikuwa napiga?"

"Miaka yote tumeishi pamoja sijawahi kukusikia." Alimkagua toka juu hadi chini. "Na unasimama vingine siku hizi. Mguu mmoja mbele, kiuno kando. Nani anakuja kula kwangu jioni, wewe au yeye?"

Alikusudia mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Fundi alijua msimamo ule. Alijua pia wimbo ule. Aliketi juu ya benchi, na kwa mara ya kwanza akamwambia mkewe kila kitu: nafasi isiyoonekana tupu, jinsi alivyokuwa anaipisha, na jinsi ambavyo sasa haipishi tena.

"Ninamfurahisha mama," alisema. "Lakini nikimaliza kuitika kwa jina lake, inanichukua muda kurudi. Jana niliona uso wangu kwenye kioo cha kabati la mteja, na kabla sijajitambua nilimsalimu."

Mke wake aliuweka mkono juu ya lile bega bovu, akauacha hapo.

Siku chache baadaye, Fundi akiwa katikati ya kazi, aliona mama amesimama mlangoni. Alizima mashine. Mama alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa safi, kama dirisha lililofutwa.

"Mdogo," alisema.

"Naam, mama."

"Kaka yako alikufa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa mashine kama hii."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuwa nikimwita." Akafikiri. "Na wewe ukawa unaniitikia."

Fundi akamsogelea. Mama aliinua kona ya kanga, akaificha sura yake, na pale mlangoni, kwa sauti kubwa isiyojali majirani, akamlilia mwanawe. Alilia kilio ambacho hakukilia mazikoni. Fundi alimshika asianguke. Mke wake alitoka mbio na pini bado mdomoni, akaona, akazitema kiganjani, akamshika mama upande wa pili. Walikaa watatu juu ya vumbi la mbao mpaka alipochoka.

"Usiitike tena," mama alimwambia alipopata pumzi. "Hata nikikuita vipi. Unasikia? Sitaki kuwapoteza wawili."

Kesho yake alikuwa ameshasahau. Alasiri, kutoka kwenye kiti chake chini ya ukuta, aliita kama kawaida, "Mkubwa! Mkubwa, uko wapi?"

Fundi alizima mashine. Jibu lilikuwa ulimini, lililozoeleka, jepesi, na alijua kicheko kitakachofuata. Alilimeza kwa shida.

"Mkubwa hayupo, mama," alisema. "Nipo mimi, Mdogo."

Fundi aliegemea meza kwa mikono miwili, akingoja kilio cha jana kianze upya.

"Basi njoo wewe," mama akasema. "Jua limenifika miguuni."

Akatoka, akasogeza kiti kivulini.

Baadaye kuna siku mama alimwita Mkubwa na siku alimwita Mdogo, na kila mara Fundi alijibu kwa jina lake, hata pale lilipomkatisha tamaa mama na kumfanya anune mpaka jioni. Mluzi haukusikika tena, ingawa mara mojamoja alipokuwa akisukuma ubao mrefu, alihisi upande wa pili umekuwa mwepesi, kana kwamba kuna mtu anaupokea. Hakuinua macho kutazama. Alisukuma tu.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta mama kitandani. Asubuhi moja Fundi alikuwa akipasua mbao za rafu, mvua ikipiga bati, wakati mashine ilipozimika ghafla. Alidhani umeme umekatika. Alipoinua kichwa alimwona mke wake, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwahi kuigusa mashine ile, amesimama na kidole bado kiko juu ya swichi. Kanga alikuwa ameivuta kichwani. Diski iliendelea kuzunguka yenyewe, ikipungua, ikipungua. Fundi aliisubiri mpaka iliposimama kabisa, akavua miwani, akamfuata mke wake ndani.